Garratt ndogo ya kujitengenezea: anza na magurudumu, boila iache mwisho

*"Shikamoo mwalimu. Nakuandikia kutoka Voi. Babu yangu mzaa mama alikuwa fayamani wa reli, yaani mchochezi wa moto wa injini, na miaka yake ya mwisho kazini aliimalizia kwenye zile mashine kubwa za mvuke za 59, aina ya Garratt, zilizokuwa zikivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Nilimpeleka mwanangu kwenye Makumbusho ya Reli Nairobi, tukasimama mbele ya Mount Gelai, moja ya hizo 59, mpaka askari akatuambia wanafunga. Tangu siku hiyo sina raha. Nina karakana ya kuchomelea, lethi ya zamani na drili ya kusimama. Nataka kutengeneza ndogo yake, iende kwa mvuke wa kweli, na watoto wapande mabehewa nyuma. Nimeshanunua mitungi miwili ya gesi ya kilo 13 ili niiunge iwe boila. Rafiki yangu anasema nisijisumbue, eti Garratt ni injini mbili tu zilizounganishwa mgongo kwa mgongo, na kama nataka mashine kubwa ya kweli nitengeneze Big Boy ya Marekani. Babu naye alikuwa akisema kwamba 59 ikipanda mlima ilikuwa ikipiga mapigo ya mashine mbili, kisha yanaungana yanakuwa ya mashine moja, kisha yanaachana tena. Ni kweli au ni hadithi za wazee? Na mimi nianzie wapi?"*

Marahaba, kijana wangu. Umeniuliza mambo manne, lakini moja haliwezi kungoja zamu yake. Hiyo mitungi ya gesi iweke kando. Usiikate kwa grainda, usiitoboe, usiiwashie moto karibu. Mtungi uliokwisha gesi bado una mabaki ndani, na cheche moja inatosha kukuua hata kabla hujafika kwenye habari za mvuke. Kwa nini haufai kuwa boila hata ukioshwa ukang'aa, nitakueleza mbele. Sasa tuzungumze mashine, kwa sababu ukiielewa vizuri utajua mwenyewe pa kuanzia.

Rafiki yako amekosea, ingawa namuelewa. Ukiitazama Mount Gelai kwa ubavu unaona magurudumu mengi mbele, magurudumu mengi nyuma, na kati yao boila nene imekaa. Ni rahisi kudhani mtu alichukua injini mbili akazigonganisha. Lakini injini mbili zilizofungwa pamoja zina boila mbili na mioto miwili, tena huhitaji wachochezi wawili. Garratt ina boila moja na tanuri moja, na wafanyakazi wake ni dereva na fayamani peke yao. Kilichogawanywa ni miguu. Wafikirie wachukuzi wawili wa machela: mgonjwa amelala katikati hagusi ardhi, na kila mchukuzi hugeuza mwili wake kwa kadiri njia inavyopinda mbele yake. Boila ndiye mgonjwa. Imekaa kwenye fremu yake, na fremu hiyo imeegemea pini kubwa mbili, moja juu ya kila chasisi ya magurudumu. Tangi la maji limepanda juu ya chasisi ya mbele, mafuta na maji mengine juu ya ile ya nyuma.

Mwingereza Herbert William Garratt ndiye aliyebuni mpango huu, akaupatia hataza mwanzoni mwa karne iliyopita, na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester ikaujenga. Mashine za kwanza zilikwenda Tasmania mwaka 1909, kwenye reli nyembamba ya futi mbili, na moja kati ya hizo, K1, ingalipo mpaka leo. Garratt mwenyewe alifariki 1913, kabla ya kuona Afrika ikiwa nyumbani kwa mashine zake. Reli ya Kenya na Uganda ilipata za kwanza mwaka 1926.

Kwa nini Afrika? Hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe.

Injini ya kawaida ya mvuke huweka boila juu ya magurudumu yake ya kuvuta. Ukitaka nguvu zaidi unahitaji moto mkubwa zaidi, na moto mkubwa unahitaji tanuri pana lenye kina. Lakini chini ya tanuri kuna magurudumu na fremu, na kwenye reli ya mita moja nafasi kati ya magurudumu ni finyu mno. Ukiongeza urefu wa boila, mashine inakataa kona. Ukiongeza uzito, reli na madaraja yanalalamika. Kila upande umefungwa. Garratt akaondoa magurudumu yote chini ya boila. Mara moja tanuri likapata ruhusa ya kushuka na kutanuka, na boila ikaweza kuwa fupi na nene, jambo zuri sana kwa mvuke, kwa sababu mabomba ya moshi yanayopita ndani ya boila yakiwa marefu kupita kiasi sehemu yake ya mwisho haifanyi kazi ya maana. Boila ya 59 ina kipenyo cha karibu mita 2.3 juu ya reli ya mita 1. Rudi makumbusho usimame mbele yake uso kwa uso, utazame kifua cha ile mashine, halafu utazame reli chini yake. Hakuna mashine ya mvuke ya reli ya mita moja iliyowahi kujengwa popote duniani iliyoizidi 59 kwa uzito wala kwa nguvu ya kuvuta.

Kuna faida nyingine ambayo watu hawaioni mpaka waelezwe. Garratt ikiingia kona, chasisi ya mbele na ya nyuma zinafuata reli, na boila katikati inakatiza kona kwa ndani kama uzi wa upinde. Uzito wake unaelemea ndani ya kona, si nje, kwa hiyo mashine inatulia. Kwenye mpango wa Mfaransa-Mswisi Anatole Mallet, ambao Big Boy imetokana nao, boila imefungwa imara kwenye chasisi ya nyuma na ile ya mbele peke yake ndiyo inayocheza kushoto na kulia. Kona inapokuwa kali, pua ya boila inatokeza nje ya reli. Kwenye reli pana ya Marekani yenye kona za taratibu hilo halina neno. Kwenye mteremko wa Bonde la Ufa ni habari nyingine.

Sasa tuwapime hao wawili kwa haki, maana Big Boy nayo inastahili heshima yake. Zilijengwa 25 huko Schenectady, Marekani, 20 mwaka 1941 na 5 mwaka 1944, kwa ajili ya kampuni ya reli ya Union Pacific. Nguvu yake ya kuvuta ni ratili 135,375, na pamoja na gari lake la maji na makaa ina uzito wa zaidi ya tani 500. 59 zilijengwa 34, namba 5901 hadi 5934, mwaka 1955 na 1956. Nguvu yake ni ratili 83,350 na uzito wote, maji na mafuta ndani, ni karibu tani 256. Tazama hesabu hiyo tena. 59 ina chini kidogo ya nusu ya uzito, lakini inavuta kwa asilimia 62 ya ile ya Mmarekani. Tena kila ekseli yake ya kuvuta inakanyaga reli kwa tani 21 hivi, na ile ya Big Boy inakanyaga kwa tani 30. Sababu ni kwamba Garratt haiburuti gari la maji nyuma yake bure. Maji na mafuta yake yenyewe ndiyo yanayokandamiza magurudumu yashike reli.

Hilo lina gharama yake, na babu yako angekuambia. Kadiri maji yanavyopungua, mashine inakuwa nyepesi, na magurudumu yanaanza kuteleza. Dereva aliyeanza mlima na tangi limejaa na dereva aliyeumaliza na tangi limekaribia tupu hawakuwa wakiendesha mashine ile ile. Na Big Boy inaishinda 59 vibaya sana kwa mwendo: iliundwa kukimbia mpaka maili 80 kwa saa, ambapo 59 ilikuwa mashine ya kupanda polepole na tani 1,200 nyuma yake kwenye mwinuko wa mita moja na nusu kwa kila mita mia. Ni kazi mbili tofauti. Ila ukiniuliza mimi ipi ina akili zaidi ndani yake, sitakuficha: ni Garratt.

Kuhusu mapigo, babu yako alisema kweli tupu, na sikio lake lilikuwa sikio la fundi.

Kila chasisi ya 59 ina silinda mbili, na kila mzunguko mmoja wa magurudumu hutoa mapigo manne ya mvuke kupitia bomba la moshi. Chasisi mbili, mapigo manane. Lakini hakuna chuma chochote kinacholazimisha chasisi ya mbele na ya nyuma zizunguke pamoja. Zinapata mvuke kutoka boila moja, zinatolea pumzi bomba moja, basi. Magurudumu ya kuvuta ya 59 yana kipenyo cha inchi 54, yaani milimita 1,372 hivi. Tuseme yale ya nyuma yamelika kidogo kuliko ya mbele, tofauti ya milimita 5 tu. Madogo yatazunguka upesi zaidi kwa kiasi kidogo mno, na kwa kuwa mapigo yanajirudia kila robo mzunguko, itachukua mizunguko 69 hivi kwa mapigo kuungana, kuachana, na kuungana tena. Mzunguko mmoja ni mita 4.3. Piga hesabu: karibu kila mita 300 za reli, sauti mbili zinakuwa moja kisha zinapasuka tena. Chasisi moja ikiteleza kidogo, mpangilio unavurugika na kuanza upya. Fayamani aliyezoea alijua kwa sauti hiyo peke yake kwamba magurudumu yamelika au kwamba chasisi ya mbele imepoteza mshiko, kabla dereva hajafunga mvuke. Mwambie mwanao hivyo. Na ukifanikiwa kutengeneza yako, hata kwa kipimo kidogo, utayasikia mapigo hayo hayo, kwa sababu sheria ni ile ile.

Basi tuje kwenye yako.

Kwanza chagua ukubwa, na uchague kwa hesabu, si kwa shauku. Watu hudhani mashine ikiwa robo ya urefu basi ni robo ya uzito. Sivyo. Urefu ukigawanywa kwa nane, uzito unagawanywa kwa nane mara nane mara nane. Ukipanga 59 kwenye reli ya inchi 5, ambayo ni ya kawaida kwa mashine za bustani zinazobeba watu, kipimo ni kama 1 kwa 7.9. Mashine yenyewe ya karibu mita 32 itakuwa na urefu wa mita 4 na uzito unaozidi kidogo nusu tani. Ukipanda hadi inchi 7 na robo, ni karibu mita 6 na zaidi ya tani moja na nusu. Nani atainyanyua? Itageukia wapi ndani ya karakana? Ukishuka hadi reli ya inchi 3 na nusu unapata mita 2.8 na kilo 180 hivi, na watoto bado wanaweza kuvutwa wakikaa kwenye mabehewa ya chini, ila reli inabidi iinuliwe ili miguu ipate pa kuning'inia. Na kuna ile ya milimita 45, ya kutazama tu, ambayo ni mita 1.4 na kilo ishirini na kitu. Hiyo haibebi mtu, lakini inaweza kuchemka kwa mvuke wa kweli juu ya meza. Kipimo cha 1 kwa 22.5 kinachotumika kwenye reli hiyo kilikusudiwa hasa kwa mashine za reli ya mita moja, kwa hiyo 59 inakaa hapo bila kulazimishwa.

Kwa mtu mwenye lethi moja ya zamani na anayetaka watoto wapande, ningekwenda na inchi 5, kwa sharti moja: itengenezwe kwa vipande vitatu vinavyofunguka. Hapo Garratt inakupendelea kuliko mashine yoyote kubwa, kwa sababu ndivyo ilivyozaliwa. Chasisi mbili unazitoa, boila na fremu yake unaitoa, kila kipande watu wanne wanakibeba. Big Boy ya ukubwa huo ungelala nayo njiani.

Kona zako zipime kabla ya kumwaga zege. Chukua umbali kati ya pini mbili zinazobeba boila, uzidishe kwa wenyewe, halafu ugawe kwa mara nane ya nusu kipenyo cha kona. Tuseme pini zako ziko mita 1.6 na kona yako ina nusu kipenyo cha mita 15: utapata milimita 21. Hicho ndicho kiasi ambacho katikati ya boila itasogea ndani ya kona, kwa hiyo ukuta, nguzo na mti wa mwembe vikae mbali zaidi ya hapo. Wengi hupima upande wa nje wakasahau ndani.

Ubaya wa Garratt ndogo nao usifichwe. Kila kitu ni mara mbili: silinda nne, fimbo za pistoni nne, seti nne za vali. Kipuri unachokosea kimoja utakikosea mara nne. Na pahali penye maumivu ya kweli ni mabomba ya mvuke yanayovuka kutoka boila iliyosimama kwenda chasisi zinazogeuka. Kwenye 59 kuna viungo vya mpira wa chuma ndani ya kikombe, vyenye kuziba kwa uangalifu. Kwenye ndogo ukitumia mpira wa kawaida wa maji utapasuka kwa joto. Kiungo lazima kiwe cha chuma, kiwe karibu na pini kadiri inavyowezekana ili kizunguke tu badala ya kunyooka na kukunjika. Bomba la kurudisha mvuke uliokwisha kazi lina presha ndogo na linasamehe zaidi, lakini hata hilo likivuja, mvuto wa moto unalegea na boila inalala.

Ndiyo maana nasema anza na chasisi moja. Moja tu, ya nyuma, na magurudumu yake yote. Ikamilishe, iweke juu ya matofali, uiendeshe kwa hewa ya kompresa ya presha ndogo, baa 1 au 2, kupitia vali ya kupunguza presha. Hewa haina joto, haina maji, na ukikosea pahali itakuambia kwa kukwama bila kukuunguza. Utasikia vali ipi inachelewa. Utaona fimbo ipi inagonga. Ukimaliza hiyo ndipo uitengeneze ya pili, na hiyo ya pili itakuwa bora kuliko ya kwanza, kwa hiyo iweke mbele panapoonekana. Kwa kazi hii karakana yako inatosha. Vyuma vya kumimina vya silinda waweza kuvipata kwa mafundi wa jua kali wenye tanuri la kuyeyushia, ukiwapelekea mfano wa mbao uliochongwa vizuri, mkubwa kidogo kwa sababu chuma kikipoa hunywea.

Na sasa boila, na hapa naomba unisikilize kama mtoto anavyomsikiliza mzazi.

Watu hufikiri boila ndogo ni hatari ndogo. Hatari ya boila haitokani na mvuke ulio juu. Inatokana na maji yaliyo chini yake. Kwa presha ya baa 6, maji hayachemki kwa nyuzi 100 bali yanafika kama 165, na yanabaki maji kwa sababu yamebanwa. Boila ikipasuka, kibano kinaondoka ghafla, na sehemu moja kwa nane hivi ya maji hayo inageuka mvuke papo hapo. Lita 10 za maji, ndoo moja ndogo, zinazaa karibu lita 1,800 za mvuke kwa kufumba na kufumbua, mbele ya watoto waliokaa nyuma. Hicho ndicho kinachobomoa kuta.

Mtungi wa gesi ulitengenezwa kwa ajili ya kitu baridi, ukae wima, bila kutobolewa. Chuma chake ni chembamba. Wewe utataka kuukata uweke tanuri, mabomba na milango, na kila unapokata unaondoa umbo la duara linaloupa nguvu na kuweka bati bapa. Bati bapa ni adui. Kipande cha sentimita 20 kwa 20 tu, kwa baa 6, kinasukumwa kwa nguvu ya tani 2.4, na kinataka kuvimba kama unga wa mandazi. Kwenye boila ya kweli bati hilo hushikwa na vijiti vingi vya chuma vilivyopangwa kwa hesabu. Halafu kuna kutu. Boila kubwa na ndogo zilizopunguzwa kwa uwiano mmoja hubeba mkazo sawa kwenye bati zake, lakini kutu haijui uwiano. Ikila milimita moja kwenye bati la milimita 20, boila bado ina nguvu. Ikila milimita moja kwenye bati la milimita 3, theluthi imekwenda, na wewe kwa nje unaona rangi tu.

Nakujua wewe ni mchomeleaji, na pengine umeshasema moyoni, "Mimi mshono wangu hauvuji." Kutovuja si kipimo. Mshono unaweza kukaa kavu kwa miaka na ndani umeshika nusu ya unene. Kuchomelea geti na kuchomelea chombo cha presha ni kazi mbili, na hiyo ya pili ina mafunzo yake, mitihani yake na ukaguzi wake.

Kwa hiyo unazo njia tatu, nami nitakuambia ninavyoziona. Ya kwanza ni kununua boila iliyotengenezwa na mtaalamu pamoja na hati zake. Kwa ukubwa wa inchi 5 nyingi ni za shaba nyekundu zilizounganishwa kwa risasi ya fedha, inayoyeyuka juu ya nyuzi 600, au za chuma zilizochomelewa na mtu mwenye cheti. Ni ghali, na kuisafirisha mpaka Voi ni gharama juu ya gharama, lakini ni njia ya heshima. Ya pili ni kupata michoro iliyokwisha kuhakikiwa na kumpa kazi fundi wa vyombo vya presha, yule anayehudumia boila za viwandani Mombasa, Athi River au Nairobi, naye afuate michoro bila kubuni kitu. Usikubali shaba ya njano popote panapoguswa na maji ya boila. Maji ya moto huinyonya zinki ikabaki sponji. Usikubali risasi ya kawaida ya kuunganishia nyaya. Inalainika karibu mno na joto la kazi.

Ya tatu ni kukubali kwamba mashine yako itembee kwa betri na mota za umeme ndani ya umbo la Garratt, au kwa hewa. Najua utakunja uso. Lakini kwa mtu ambaye shabaha yake ni watoto kupanda, hiyo ni njia nzuri, na chasisi ulizozitengeneza hazipotei: siku ukipata boila, unaiweka.

Ukichagua mvuke, mambo yafuatayo hayana mjadala. Vali mbili za usalama, kila moja iweze peke yake kutoa mvuke wote moto ukiwa umekolea. Kioo cha kupimia maji kinachosomeka kutoka pale unapokaa. Njia mbili zinazojitegemea za kuingiza maji, kwa sababu paa la tanuri likibaki bila maji juu yake kwa dakika chache tu linalainika na kudondoka. Na kabla ya moto wa kwanza, boila ijazwe maji baridi pomoni, hewa yote itolewe, isukumwe kwa pampu ya mkono mpaka mara mbili ya presha ya kazi, mbele ya mkaguzi. Maji hayabanwi, kwa hiyo bati likishindwa linalia na kutema matone, basi. Usiijaribu kamwe kwa hewa ya kompresa. Hewa iliyobanwa kwenye boila mbovu ni bomu.

Mkaguzi huyo ndiye msaada ambao mimi kwa maandishi siwezi kukupa. Kenya ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, na chini yake kuna wakaguzi walioidhinishwa wa boila. Nenda ofisi ya usalama na afya kazini ya kaunti au Mombasa ukiwa na michoro mkononi kabla ya kununua bati, uulize wanataka nini ili watoto wa watu wapande. Anayekwenda kuuliza mapema hupokewa tofauti na anayekwenda baada ya ajali. Na ukinunua boila iliyokwisha kutumika, hata iwe na hati za nchi nyingine, usiiwashe kabla haijapimwa hapa na mtu anayeiona kwa macho yake.

Kuhusu moto wenyewe, usihangaike kutafuta makaa ya mawe. 59 zenyewe zilichoma mafuta mazito kwa sababu Kenya haikuwa na migodi ya makaa, na hata Big Boy namba 4014, ilipofufuliwa mwaka 2019, ilibadilishwa ichome mafuta. Makaa ya miti ni mepesi mno. Mvuto wa bomba la moshi unayanyonya yangali na cheche na kuyatupa juu ya mabehewa na nyasi kavu. Kwa Voi yenye ukame, kichomeo cha gesi kilichotengenezwa kwa kazi hiyo ndicho salama zaidi, na mtungi wake ukae kwenye behewa, mbali na tanuri. Hiyo ndiyo kazi halali ya mtungi wa gesi.

Vipimo vya mashine yenyewe uvichukue makumbusho, usitegemee picha. Omba ruhusa kwa maandishi, nenda na tepu ya mita 30 na mtu wa kushika upande wa pili, upime magurudumu, umbali wa ekseli, urefu wa pini hadi pini na kimo cha boila kutoka juu ya reli. Mount Gelai, 5918, ina dada yake hapo hapo, 5930 Mount Shengena. Pale ambapo kipande kimoja kimeondolewa au kimefunikwa rangi, kitafute kwenye mwingine. Mlima Gelai uko karibu na Ziwa Natron na Shengena uko Upare, kwa hiyo mashine zote mbili zilizobaki Nairobi zina majina ya milima ya Tanzania. Mwanao atapenda kuitafuta kwenye ramani.

Ukishaipata chasisi ya kwanza ikazunguka kwa hewa nusu saa bila kukwama, mbele na nyuma, niandikie tena na unitumie vipimo vya silinda zako. Hapo ndipo tutajua inahitaji mvuke kiasi gani, na boila ya ukubwa gani ya kuagiza.